Mazoezi Chini ya Meza

Jumapili tuliondoa viti, tukafunika meza kwa blanketi
hadi pindo zikagusa sakafu huku na huku,
tukaacha tundu moja upande wa dirisha.
"Ingia, kichwa kwanza," nikamwambia Dobrawa.
Akaingia na sungura wake wa kitambaa,
zikabaki soksi tu nje, moja nyekundu, moja ya kaka yake.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka kumi na tisa
nimelala chali matumboni mwa meli, hapa Gdynia,
ndani ya mabomba membamba ambamo pumzi
hutoka, hugonga chuma, hukurudia usoni.
Nani basi wa kumfundisha mtoto kulala ndani ya bomba
kama si mimi?

Nikachukua sufuria ya viazi na upawa.
Ngo, ngo, ngo, ngo.
Kisha mbiombio: kokokokokoko.
Kisha kimya kirefu, na hicho ndicho kigumu,
maana ndani ya kimya ndipo pua huanza kuwasha.
"Pua ikiwasha?"
"Naiacha iwashe."
"Kicheko kikija?"
"Nakichekea tumboni."
Bi Halszka wa ghorofa ya chini akagonga dari yake kwa ufagio,
na Dobrawa, bila kutikisa hata kidole:
"Hiyo nayo ni mashine?"

Dakika tatu. Kesho yake saba.
Alhamisi kumi na mbili, na akapitiwa na usingizi.

Sikumwambia kilichonikaba koo:
kwamba huyu ninayemfundisha kutulia
hutulia mno bila kufundishwa.
Katikati ya supu kijiko husimama hewani,
macho hubaki wazi kama madirisha ya nyumba iliyohamwa,
sekunde nane, tisa,
halafu hurejea na kulimalizia neno lilelile
kana kwamba ni sisi tuliotoka.
Huko aendako hakuna anayekujua.
Ndiyo maana wanataka picha.

"Itauma?"
Haiumi.
"Itaona ninachowaza?"
Itaona nyumba. Wenyeji haitawaona.
"Na wewe utakuwa wapi?"
Papo hapo, nimekushika mguu.
Nilisema hivyo. Nilisema mara mbili.

Hospitalini theluji ilikuwa imeingia na viatu vya watu
na kuwa maji meusi mlangoni.
Kalina wa chumba cha picha akamvua Dobrawa hereni,
kibanio cha nywele, akampapasa sungura asije akawa na kifungo.
Kisha ikawa zamu yangu. Mkanda. Saa.
Pete iligoma, ikatoka kwa sabuni.
"Umewahi kufanya kazi ya chuma?"
Nikacheka.
"Cheche haijawahi kukuingia jichoni?"

Nikaikumbuka ile feri ya buluu,
na chembe moja, ndogo kuliko punje ya haradali,
na daktari wa kiwandani aliyesema tuiache, haina neno.
Kalina akaweka kalamu chini.
"Sumaku itaitafuta," akasema. "Huwezi kuingia."

Ahadi ni deni, na mimi nilikuwa na mifuko mitupu,
hata sarafu walikuwa wamezichukua.
Nikapiga magoti kwenye sakafu ya maji meusi
nikatafuta neno la kuanzia, sikuliona.
Dobrawa akanikamata kidevu,
akalichungulia jicho langu la kushoto, halafu la kulia,
kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.
"Kipo kimya tu humo," akasema.
Akafikiri.
"Basi wewe kaa kwenye kiti. Usitikisike.
Pua ikiwasha, iache iwashe."
Akaenda na soksi zake, akimburuta sungura sikio.

Nikakaa.
Mlango mzito ukafungwa, mashine ikaanza,
ngo, ngo, ngo, ngo,
sufuria yangu haikuwa imedanganya sana.
Nilihesabu kama nihesabuvyo ndani ya bomba:
si dakika, pumzi.
Kisha kikaja kile kimya,
na pua ikaanza.